Harufu ya Sabuni Kwenye Shati la Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na minne, ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, Nuru. Naishi Temeke, nyumba ya kupanga. Nimesomea uhandisi wa mitambo hapa hapa Dar es Salaam. Nawatajia elimu yangu si kwa majivuno, wasomaji wenzangu, maana kwa yaliyonipata sina cha kujivunia... Nataka mjue tu kwamba yalinipata nikiwa na akili zangu timamu na vyeti vyangu kabatini.

Siku hizi sabuni ya mche haiingii nyumbani kwangu. Nafulia ya unga, na vyombo naoshea ya maji. Nuru aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamwambia ile nyingine inanipa mafua. Ningemwambia nini mtoto wa darasa la pili?

Nianze na kaka yangu, kwa sababu bila yeye hakuna mkasa.

Baba yetu alifariki kule Songea nikiwa mdogo. Kaka Deo akaacha shule, akaja mjini, akajifunza ufundi umeme. Alinisomesha tangu kidato cha kwanza mpaka chuo kwa kazi ya mikono yake. Anaishi Ukonga na mkewe, wifi yangu Stela. Kazi zake ni kufunga nyaya na taa kwenye nyumba za watu, leo Segerea, kesho Kawe, popote anapoitwa. Maisha yake yote yalikuwa juu ya ngazi.

Mume wangu, Baba Nuru, alikuwa fundi mkuu kwenye karakana moja ya mabati ya alumini hapa Temeke. Mwenye karakana ni Mzee Nassoro, mfanyabiashara ambaye ukoo wao umeuza bati na misumari tangu enzi za babu yake. Mzee alikuwa na wazo la kutengeneza ngazi za alumini mwenyewe badala ya kuuza zinazotoka nje. Baba Nuru akamwambia kwa majigambo kwamba mkewe anaweza kumwonyesha kwenye kompyuta bati litakavyokaa kabla halijakunjwa. Ndivyo nilivyopata kazi. Aliniombea yeye, na alijivunia mno kuniombea.

Hapa nivumilieni kidogo niwaeleze kazi yenyewe. Bati la alumini ukilikunja kwa mashine ya presi halikai pale ulipoliacha. Ukiinua presi tu, linarudi nyuma, linafunguka kidogo. Mafundi wetu wanasema bati lina kinyongo. Kwa hiyo ukitaka kona iliyonyooka, lile umbo la chuma linalolikandamiza bati, sisi tunaliita kalibu, unalichonga kwa kuzidisha, ili bati likisharudi liangukie pale unapopataka.

Uzidishe kiasi gani? Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Unaiambia kompyuta unene wa bati, ugumu wake na umbo la kalibu. Inalikunja bati lile kwenye kioo, inaliachia, kisha inakuonyesha litarudi mpaka wapi. Ukibashiri sawa, kalibu inachongwa mara moja na kazi inaanza. Ukikosea, umeharibu chuma cha watu.

Mimi nilikosea.

Sikukosea hesabu. Ugumu wa bati niliouingiza niliutoa kwenye orodha iliyokuja na programu, kwa sababu hatukuwa tumelipima bati letu wenyewe. Siku ya kujaribu, presi iliposhuka na kupanda, kona zikafunguka zaidi kuliko nilivyosema. Miguu ya ngazi ikakaa upande. Mafundi wakaangua kicheko, na Mzee Nassoro akaja akaangalia kioo changu, akaangalia bati.

"Binti," akaniambia, "mie nauza ngazi. Picha za kwenye kompyuta hata wajukuu zangu wanazo."

Nilimwomba anipe muda nikate vipande kutoka kwenye mabati yetu, nivipeleke chuoni vikavutwe kwenye mashine, tujue bati letu lina tabia gani hasa. Akakataa. Mteja mkubwa alikuwa anakuja Jumamosi kuona kwa macho yake. Nikishindwa tena, akasema, kompyuta yangu niibebe niondoke nayo, na huyo fundi aliyenileta atakuwa na la kujibu.

Nikabadilisha tarakimu kwa kukisia. Kalibu ikachongwa upya kidogo. Ijumaa hiyo nilishindwa hata kula, kwa sababu nilijua nakisia. Baba Nuru alikaa kando yangu akanisugua mgongo, akaniambia nilale, kesho Mungu atasema.

Jumamosi presi ikashuka, ikapanda... na kona ikakaa. Baba Nuru akaweka skwea, kile kipimo cha pembe, kwenye ile kona, hapakuwa na hata mwanya wa kupitisha unywele. Likaja bati la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Mteja akapiga makofi. Mzee akaniita mwanangu mbele ya wale wale walionicheka. Mimi nililia pale pale, na wala sikuona haya.

Jioni nilipokuwa nafua shati la mume wangu, nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya sabuni, lakini sabuni iliyoungua. Sikuitilia maanani. Nani angeitilia maanani siku ya furaha kama ile?

Ngazi zikaanza kutoka. Baba Nuru naye akaanza kuondoka nyumbani alfajiri, eti kuwasha mitambo mapema. Na sabuni ya mche ikaanza kupotea jikoni. Nanunua mche mzima, baada ya siku chache naukuta kipande, kesho yake hakuna. Kila alichovaa kilinuka vilevile, harufu nzito, kama sufuria lililosahauliwa motoni likiwa na povu.

Mwanamke mwenzangu unayenisoma, wewe ungefikiri nini?

Nilifikiri kama wanawake wote wanavyofikiri. Nikasema kuna mahali anaoga. Kuna mwanamke anamfulia. Nilipekua simu yake, sikupata kitu. Nilinusa mashati yake nikitafuta manukato, nikapata sabuni tu. Nilipomuuliza, akacheka akaniambia, "Sasa mikono ya fundi ioshwe na nini, Mama Nuru, na marashi?" Nikacheka na mimi. Lakini kucheka kwake kulikuwa kwa mdomo peke yake, nililiona hilo.

Na kuna jambo jingine nililiona... hili ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kila shehena mpya ya mabati ilipofika, kona zilitoka vilevile. Anayefanya kazi yangu anajua kwamba mabati hayalingani. La leo litarudi kidogo, la wiki ijayo litazidi. Yangu hayakupishana hata siku moja. Yalikuwa yanaitii kompyuta yangu kupita kiasi, na mimi badala ya kuogopa nikajiona nimekuwa bingwa.

Sasa kanisani kwetu tuna desturi ya malimbuko. Kitu cha kwanza ulichovuna au kutengeneza unakitoa kwa shukrani. Nikamwambia Baba Nuru mezani kwamba baada ya sadaka ya Jumapili, ngazi ya kwanza ya kazi yangu, ile iliyowekwa pembeni tangu mwanzo, itakwenda kwa Kaka Deo. Yeye ndiye baba niliyebaki naye. Nimpe nini kingine?

Baba Nuru akaacha kula. Akasema nimpe shati. Nikamwambia shati analo. Akasema basi nimpe hela, ngazi pia anayo. Nikajua ni wivu wa mtu aliyekua bila ndugu. Moyoni nikamdharau kidogo.

Tulikwenda Ukonga. Wifi Stela alipika pilau. Kaka Deo aliizunguka ile ngazi, akaipigapiga kwa vidole, akawaambia majirani wote kwamba imetengenezwa na mdogo wake. Alipoipanda kuijaribu, ukumbini, kwenye sakafu iliyonyooka, mume wangu aliishika kwa mikono yote miwili. Aliishika mpaka mishipa ikamtoka. Stela akamtania kwamba shemeji leo anamlinda Deo kama yai. Watu wakacheka.

Baada ya hapo Baba Nuru akawa anatafuta visingizio vya kuirudisha. Mara akaiongezee ribiti, zile pini za kuungia. Mara akaibadilishe mpira wa chini. Kaka alinipigia simu akicheka, akaniambia, "Huyu shemeji anaionea wivu ngazi yangu? Mwambie hii nalala nayo."

Kisha siku moja akanipigia akiwa hacheki. Aliniambia ngazi imeanza kunesa kidogo, miguuni, kwenye mikunjo. Akaniuliza mimi mtaalamu, je, ni kawaida?

Nikamwambia ni kawaida. Nikamwambia alumini ndivyo ilivyo, inanesa, halafu inarudi.

Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu.

Simu ya Kawe iliingia mchana, namba nisiyoijua. Alikuwa mwenye nyumba ambako Kaka alikuwa akifunga taa za ukutani. Alisema fundi ameanguka, wamempeleka hospitali, niende haraka. Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka daktari akinieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto, kwamba uhai upo lakini mgongo umeumia vibaya, na miguu... miguu tusiitegemee.

Kaka alipofumbua macho alinitafuta. "Mdogo wangu, nilikanyaga vibaya," akasema. "Ngazi yako haina kosa. Uzembe wangu mwenyewe."

Baba Nuru alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Aliyasikia maneno hayo yote. Akalia, akalia kuliko Stela, mpaka Stela mwenyewe akainuka kumbembeleza.

Nilikwenda Kawe kuichukua ngazi. Sijui nilikuwa nataka nini, labda nilitaka nihakikishe kweli haina kosa. Mlinzi wa ile nyumba alikuwa ameiegemeza ukutani. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja pale penye mkunjo, polepole, bila ufa. Nikasimama nao jua lote likiniwaka. Bati nililolipigia hesabu mimi lilikuwa gumu. Likizidiwa lingepasuka, au lingepinda halafu likataka kurudi. Hili lilikuwa limelala tu.

Nikaazima msumeno, nikakata kipande nikarudi nacho nyumbani. Nikakipinda kwa koleo karibu na mkunjo. Kikakaa pale pale nilipokipinda. Bati lile halikuwa na kinyongo hata chembe.

Ndani kabisa, pale vipande viwili vinapokutana chini ya ribiti, palikuwa na mstari mweusi. Nikaukwangua kwa ukucha, nikautia maji. Ukatoa povu jembamba... Nikanusa.

Yule mwanamke niliyemtafuta kwenye mashati miezi yote ile, nilimpata hapo.

Nikafungua kompyuta. Nikalilaza tena lile bati la kwanza, gumu kama lilivyokuja kutoka kiwandani, isipokuwa kwenye mistari ya mikunjo, hapo nikalilegeza kama bati lililopitishwa motoni. Nikabonyeza. Presi ya kwenye kioo ikashuka, ikapanda, na kona ikaja kukaa sawasawa kabisa na ile ya Jumamosi ya makofi. Kisha nikaiunga ngazi nzima nikaiwekea uzito wa mtu mzima. Mikunjo ikaanza kubadilika rangi, njano, halafu nyekundu. Niliizima kabla haijamaliza, sikuweza kuangalia.

Siku hiyo sikupika. Baba Nuru aliporudi jioni, alikuta mezani, mahali pa sahani yake, nimemwekea mche wa sabuni.

Alikaa. Kisha akaniambia yote, na wala hakujitetea sana. Baba yake alikuwa mfua masufuria, na alimfundisha utotoni. Unalipaka bati sabuni kavu, unalipitishia moto wa gesi, sabuni ikigeuka nyeusi ujue bati limelegea, halitabishana na wewe tena. Kwa masufuria hakuna ubaya. Yeye alikuwa anaipaka kwenye mistari ya mikunjo tu, kila alfajiri kabla wenzake hawajafika, kidogo kidogo mpaka kona ilingane na kompyuta yangu. Kisha anafuta, anapanga.

"Ungeaibika mbele za watu, Mama Nuru," akasema. "Na mie ndo nilokuleta pale. Ningekuangalia tu?"

Mnaona jambo hilo? Ni kwa ajili yangu. Kosa langu lingenifukuzisha kazi, basi. Ningelia wiki, ningetafuta nyingine. Yeye akalifunika kwa mapenzi, na likaenda kumwangukia kaka yangu.

Nikamuuliza, na Deo je? Siku ile Ukonga ulikuwa unaishika ngazi kwa nini? Akasema alidhani itamvumilia mpaka apate namna ya kuirudisha. Nikamwambia kesho tunakwenda kwa Mzee Nassoro, ngazi zote zirudi.

Hapo ndipo alipobadilika. Hakupandisha sauti. Nuru alikuwa ametoka kucheza, akamwita, akampakata, akaanza kumvua viatu. Huku akifungua zile kamba akaniambia kwa upole kwamba Deo mwenyewe anasema alikanyaga vibaya. Kwamba mimi sina ushahidi zaidi ya povu. Kwamba mtu akija kuuliza nani alisema bati litakaa vile, mchoro una jina langu, si lake. "Tulee mtoto wetu, mke wangu," akasema. "Haya yatapita."

Lilikuwa onyo lile, au lilikuwa ombi? Mpaka leo sijui. Nilimtazama mwanangu akicheka kwa kutekenywa nyayo, nikanyamaza.

Ningeweza kunyamaza mpaka leo, wasomaji wenzangu, nisiwadanganye. Lakini alfajiri iliyofuata nilisikia kabati la jikoni likifunguliwa taratibu. Nikasikia mlango. Nilipoamka kutazama mezani, ule mche wa sabuni haukuwepo.

Alikuwa amekwenda nao kazini.

Nilimwacha Nuru shuleni nikaenda moja kwa moja Ukonga. Kaka Deo alikuwa amerudishwa nyumbani, amelazwa chumba cha mbele ili aone watu wanaopita. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia tangu Jumamosi ya makofi mpaka mche wa asubuhi ile. Nikamwambia hakukanyaga vibaya. Nikamwambia pia aliponipigia simu kuniuliza, jibu langu ndilo lililompandisha tena.

Alitazama dari. Stela alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, amejishika kinywa. Nilingoja anifukuze. Nilitamani anifukuze.

"Ngazi nyingine ziko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ziko mjini, zimeuzwa. Wengi walionunua ni mafundi kama yeye, na baadhi yao yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka, kwa kuisifia yake.

Akanyoosha mkono, akamwambia Stela ampe simu.

Kwa Mzee Nassoro nilikwenda mchana ule ule. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kueleza kabla hajaitikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka mwenyewe akazima presi. Baba Nuru alikuwa upande wa pili wa mashine. Hatukuangaliana. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya bati, akatoka. Sasa yuko kwa mjomba wake Morogoro, na Nuru anamwulizia kila akiona shati kwenye kamba. Kazi sina. Upande wake wananiita msaliti, eti mwanaume alinipenda nikamwanika. Labda kweli nilimwanika.

Ngazi nyingi zimerudi. Nyingine hazijarudi. Zimekwisha kuuzwa kwa watu wengine, zimeazimwa, zimepelekwa mikoani. Kwa hiyo siandiki nihurumiwe. Kama umenunua ngazi ya bati la alumini lililokunjwa, na ukipanda unaisikia inalegea mikunjoni, usimuulize mtaalamu kwenye simu kama mimi. Shuka. Na wewe uliyefanya jambo kwa kubahatisha likatokea kuwa sawa kuliko ulivyostahili, tafuta aliyelisawazisha, kabla hujampa umpendaye. Na wewe unayempenda mtu, tafadhali, mwache aaibike. Aibu inapona. Mgongo wa kaka yangu, madaktari wameshasema.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Nuru akamwone mjomba wake. Tulimkuta chali kama kawaida, simu sikioni, anaongea na fundi fulani aliyepata namba yake kwa watu. Alitunyooshea kidole tusubiri.

"Uko wapi sa'hizi, braza?" alikuwa akiuliza. "Juu? Uko juu yake? Basi usiogope. Shuka taratibu... mie nakusubiri hapa hapa kwenye simu."